Karata za Mkekani

Siku hizi kila meza hutatua chochote kinachowekwa juu yake, ndiyo maana Bi Mwanaidi hucheza karata zake peke yake mkekani. Jioni ile mwanawe Nasoro, mpimaji wa meza kiwandani, alirudi na meza mbili mpya. Akaupanga mchezo wa mama yake juu ya moja, kisha juu ya nyingine, aone ipi itaumaliza kwa hatua chache zaidi. Zikaumaliza kabla hajavua viatu.

“Ya kushoto imeshinda, Mama.”

Bi Mwanaidi akakusanya karata.

“Si uendelee tu mkekani?” Nasoro akauliza.

“Kila siku nakubakizia mwisho, mwanangu, tumalizie pamoja. Hujawahi kukaa.”

Nasoro akainamia kamba za viatu, asiweze kuinua uso. Meza ya kushoto ikauliza kama kuna kingine cha kumaliza.