Aliyeleta Vyura

Chura alikuwa amelala chali mbele ya mlango, miguu imenyooka, ngozi ya tumbo imebambuka kama iliyokwanguliwa kwa kisu. Anifa alisimama na ufagio mkononi, akashindwa kumvuka.

Hakuwa wa kwanza. Tangu mvua zianze, karibu kila asubuhi alimkuta mmoja, siku nyingine wawili, palepale kwenye tope chini ya bomba la simtanki la maji, mahali alipooshea vyombo. Wote walikuwa vilevile, chali, wamechunika.

Anifa alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia zilitoka, na hii hakuitaja hata kwa mama yake mpaka ilipoonekana yenyewe.

Mumewe, Nurudini, aliyekuwa na duka la rejareja pale kijijini Muyama, alisema mwanzoni kwamba masika ni msimu wa vyura, ashukuru si nyoka. Anifa akamuuliza masika gani hayo. Mwaka huu bonde zima lilikuwa kimya. Zamani makelele ya vyura yaliwanyima watu usingizi. Sasa hakuna hata mmoja aliyelia. Kama bondeni hawapo, hawa wa mlangoni wanatoka wapi?

Usiku huo Nurudini alikaa dirishani na tochi. Hakuona mtu, na mbwa wa majirani hawakubweka. Kulipokucha, chura alikuwepo. Tangu hapo hakutania tena.

Jina la mhusika halikuhitaji kutafutwa. Yusta alikaa upande wa chini, nyumba ya mwisho kabla ya bonde. Yeye na Anifa walikuwa mashoga, wakipeleka maharage sokoni Manyovu pamoja, mpaka walipogombania maji ya mfereji. Yusta aliyageuza yaende kwenye vitunguu vyake, nyanya za Anifa zikakauka. Mbele za watu Anifa alimwita mwanamke aliyemshinda mumewe hata akaachwa. Yusta akamtazama tumboni na kumwambia asilitangaze, bado hajazaa. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Anifa alimweka chura kwenye sahani ya bati, akaifunika kwa kitenge, akampelekea Kipriani, mwenyekiti wa kitongoji. Jioni hiyohiyo watu waliitwa mbele ya ghala la kahawa. Sahani ilipofunuliwa, wanawake walirudi nyuma.

Yusta alikuja na udongo wa shambani mikononi. Alisema mguu wake haujakanyaga kwa Anifa tangu wagombane. Alisema vyura wanakufa bondeni pia, anawaona wakielea mferejini, ngozi zinawaning'inia vivyo hivyo. Mtu mmoja akauliza imekuwaje yeye peke yake ndiye anayejua wanakofia. Watu wakaguna.

Kipriani alimtaka aape.

"Nilimtukana," Yusta alisema. "Kwa hilo nihukumuni. Ya vyura siyajui."

Kipriani akamgeukia Anifa, akamuuliza anataka nini. Anifa hakupaza sauti. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Huyu asipoondoka, mtoto wangu hatazaliwa."

Baada ya hapo hakuna aliyesubiri mwenyekiti afunge kikao. Vijana waliteremka na nyundo. Waling'oa mabati ya Yusta moja baada ya jingine, wakatupa sufuria zake njiani, wakapita kwenye vitunguu wakivikanyaga kwa zamu. Kipriani alisimama kijiani akiwakumbusha wasimguse mwilini. Yusta aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na hakumwomba yeyote. Walipomaliza alikunja godoro, akalifunga kwenye pikipiki ya kukodi, akaenda kwa kaka yake Kibondo. Pikipiki ilipopita mbele ya mlango wa Anifa, alitema mate upande huo, basi.

Anifa aliogopa yale mate. Alimwaga chumvi mlangoni, akafagia, akamwaga tena. Lakini kesho yake mlango ulikuwa safi. Keshokutwa pia. Mvua ilikuwa imekatika, vumbi lilianza kutimka kijiani, na hata tope la bomba liligeuka ukoko mgumu. Nurudini aliwapelekea wale vijana sukari na sabuni. Mwanamke mmoja aliyekuwa na shaka siku ya kikao alikuja kumwambia Anifa kwamba sasa ameamini. Anifa alianza kula vizuri. Mtoto alipopiga teke, alicheka peke yake, na kwa mara ya kwanza alitoa nguo za kichanga kabatini akazianika.

Kisha mvua ikarudi. Ilinyesha alfajiri, ikaacha, jua likatoka kali. Anifa alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, ungo mapajani, alipoona kitu kinasogea kwenye kijia kinachopanda kutoka bondeni, pale kinapopita uwanja mtupu wa Yusta.

Hakikuruka. Kilijikokota, kikapumzika, kikajikokota tena mchana kweupe. Kuku waligeuza vichwa kukitazama, wasikidonoe. Kilikuja mpaka kwenye tope la bomba, hatua chache kutoka miguuni pake, kikanyoosha miguu, kikapinduka chali.

Anifa aliinua macho haraka amwone aliyemtuma chura huyo. Kijiani hapakuwa na mtu. Chura mwingine alikuwa anapanda.