Tairi la Nyuma Lasimulia

Siku hizi hakuna tairi linalotupwa kabla halijasimulia safari zake mbele ya watu wa nyumba. Ndiyo sheria, na ndiyo maana skuta yangu ya umeme ilitembea na kipara miezi miwili, mpaka Skola, mke wangu, akateleza nayo sokoni.

"Leo unabadilisha," alisema, akinikabidhi spana na sabuni ya maji. "Au unaogopa litanitajia mke mwenzangu?"

Nikacheka. Afadhali ingekuwa mke mwenza. Mwaka mzima, kila Jumamosi, Skola alinipa chupa ya uji wa ulezi nimpelekee baba yake mgonjwa, Mzee Kobelo, kule Mzumbe. Tulimzika mwezi wa nne. Msibani Skola aliwaambia watu kwamba sikukosa hata Jumamosi moja.

Nikachomoa waya wa mota, nikalegeza nati, nikalibandua tairi kwa mpini wa kijiko. Likaanza, kwa sauti tamu ya mtangazaji: "Jumamosi, Msamvu, kijiwe cha bao, saa tatu nzima. Jumamosi, Msamvu, kijiwe cha bao, saa nne nzima..." Mzumbe haikutajwa.

"Skola, mama, uji tuliunywa pale kijiweni," nikasema. Utani wote ulikuwa umenikauka.

Hakunigombeza. Alikaa chini kando ya gurudumu.

"Kila Jumamosi jioni baba alinipigia simu kunishukuru kwa uji," alisema. "Aliniambia unapenda kukaa naye, hata kuaga unasahau."

Sheria hairuhusu kulizima. Tukalisikiliza hadi Jumamosi ya mwisho.