Msomaji Mkavu

Saa moja jioni, kitabu cha Zamda kilikataa tena kumuua mtu. Bibi wa hadithini alikuwa hoi kitandani. Ukurasa uliofuata, alikuwa jikoni anakaanga samaki.

Siku hizo kila kitabu kilimtazama msomaji machoni, kikajiandika kulingana naye. Zamda alilia mara moja tu alipokuwa msichana, akawekwa fungu la wasomaji wa machozi, na tangu hapo hakuna aliyekufa mbele yake kitabuni. Mumewe, Kibwana, alikuwa msomaji mkavu. Yeye alipata vifo vyote, hata matanzia ya gazetini, na ndiye aliyemwambia mkewe nani anazikwa leo.

"Baba Tatu, kishike wewe unisomee. Leo nataka bibi huyu afe, nimlilie kama watu wazima."

"Umekosa misiba mtaani mpaka uiazime kitabuni?"

Lakini alikishika, akasoma. Bibi aliomba aletewe kanga yake ya harusi, ajifunike. Kibwana akaacha kusoma. Akapenga kamasi.

"Endelea!"

"'Bibi akafumba macho...'" Kibwana aliyafuta yake, akatazama tena. "'...kisha akaketi, akauliza chai iko wapi.'"

Zamda alicheka mpaka akashika mbavu. "Mkavu gani wewe? Umeniharibia msiba wangu!"

"Vumbi tu hilo, Mama Tatu," alisema Kibwana, naye akicheka.

Asubuhi gazeti la Kibwana lilifika kama kawaida. Michezo ilikuwemo, na bei ya nazi pia. Ukurasa wa matanzia haukuwemo.