Tarehe Imetoka

Nyamizi alikuwa akisonga ugali huku mumewe, Lugendo, akimuuliza maswali kutoka kitabuni. Mtihani wa ajira serikalini ulikuwa umeahirishwa tena na tena, na kila ulipoahirishwa Nyamizi alianza kusoma upya ili asisahau. Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba sasa utafanyika mwezi ujao.

"Mke wangu! Si nilikwambia? Tarehe imetoka!" Lugendo alishangilia kwa kelele hata hakusikia tangazo lilivyoendelea.

Nyamizi alisikia. Waliozidi umri wa miaka thelathini na mitano wasijisumbue kuja. Yeye alikuwa ametimiza thelathini na sita juzijuzi tu.

Alifungua mdomo amwambie. Lakini Lugendo, aliyekuwa akiogesha watoto na kufua miaka yote hiyo ili mkewe apate kusoma, alikuwa tayari anafunua kurasa kwa furaha.

"Haya, tusipoteze muda. Nani hupitisha bajeti ya halmashauri?"

"Baraza la madiwani," akajibu Nyamizi.

"Sawasawa kabisa!"

Akamuuliza jingine, na jingine. Nyamizi aliyajibu yote bila kukosea, mwiko umesimama mkononi, ugali ukiungua.