Kinga Iliyozimwa

Zama zile, mtu ambaye kinga ya mwili wake iligeuka kushambulia figo zake mwenyewe alizimiwa kinga hiyo kisheria, kisha akaishi katika chumba cha kioo ili asiambukizwe maradhi. Mwajabu alikuwa ametimiza humo miezi saba. Uvimbe wa miguu ulikuwa umenywea, na mkojo umeacha kutoa povu na damu.

Siku binti yake Salha alipomleta mtoto mchanga, Mwajabu aliufungua mlango.

“Mama, daktari amekataza.”

“Figo zimetulia, mwanangu. Mikono hii mnaifungia kwa kosa gani?”

Akampokea mjukuu wake, akamlaza kifuani. King’ora cha mlango kikaanza kulia. Mtoto akapiga chafya. Mwajabu akamfuta pua kwa kidole, wala hakumrudisha.