Kobe na Vibali vya Mashimo

Zamani hizo wanyama wakiwa na ofisi, Kobe ndiye aliyekuwa karani wa vibali. Panya Buku aliuza mashimo, na mijusi waliyanunua.

"Kwa usalama wenu," Kobe alitangaza, "kila muuzaji na mnunuzi aandike jina, shimo lilipo na saa ya kulala." Fomu zote akazibandika ubaoni.

Mjusi Kafiri akasita. "Mzee Kobe, lazima kila mtu ajue ninapolala?"

"Kwani una nini cha kuficha?" Kobe alishangaa kwelikweli. Yeye nyumba yake iko mgongoni, kila mtu anaiona, na hajawahi kupatwa na lolote.

Mjusi Kafiri akajaza. Wiki ile ile akatoweka, kisha wakatoweka jirani zake. Kobe akachanganyikiwa. Vibali vinaongezeka, mbona wenye vibali wanapungua? Labda fomu ni fupi mno. Akaongeza swali: mlango wa nyuma uko wapi?

Nguchiro tu ndiye aliyempa moyo. Alikuja kusoma ubao kila asubuhi, tumbo likizidi kumtoka. "Utaratibu mzuri sana, mzee. Usiubadilishe."

Kobe akafurahi, akamsogezea fomu. "Basi nawe andika unapolala. Hata Tai huja kusoma hapa."

Nguchiro akaruka nyuma. "Kwangu? Hayo ni mambo yangu binafsi!"

Kobe akalitazama lile tumbo, akautazama ubao. Akaanza kubandua fomu moja moja, na hakuona wa kumrudishia.