Ruzuku ya Asiye na Mtu

Mungu awape subira wafiwa wote. Nungunungu alifiwa na mumewe, kisha pango lao likabomoka, na masika yalikuwa karibu. Akasikia serikali ya mwituni inatoa ruzuku ya makazi kwa mjane asiye na mtu. Akaenda kwa karani Korongo mara tatu. Mara ya tatu akaambiwa alete majirani wawili, wathibitishe kwamba hana mtu.

Jirani zake, Muhanga mchimba mashimo na Kobe, wakatembea naye siku mbili hadi kwa Korongo, bila kuambiwa anaomba nini.

Korongo akasoma fomu. "Ombi la pango jipya. Hawa wamekuja kwa ajili yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi una watu. Ombi limekataliwa. Anayefuata!"

Wakarudi. Njiani Muhanga akasema, "Shemeji, kumbe ni pango tu? Mimi nachimba kwa siku moja. Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Korongo hanijui, kwake naweza kuomba."

"Na Mungu, hukumwomba?"

"Kila siku. Nilimwomba fomu ipite."

Muhanga akacheka kwa uchovu. Walipofika akachimba, na Kobe akasogeza udongo polepole. Mvua ya kwanza ilimkuta Nungunungu ndani, akimlilia mumewe mahali pakavu.